Macho na Mgongo

Ngumi ya kwanza ilimpata shemeji kwenye jicho la kushoto, na kabla hata mkono haujarudi Nyundo alijua kwamba amejipalia makaa. Si kwamba alimwonea huruma. Huruma gani! Angekuwa na mikono minne angempiga kwa yote minne. Lakini mwili wa mtu una mahali pengi pa kupigwa: mbavu zilikuwepo, tumbo lilikuwepo, na ile pua ndefu ya kiburi ilikuwepo imekaa katikati ya uso inangoja. Yeye akachagua jicho. Na jicho lile, jamani, ndilo lililokuwa likimwonyesha njia kila siku ya Mungu.

Wageni walipanda kwenye mji ule wa mlimani kutafuta baridi na vituko. Wako waliokodi farasi kulizunguka ziwa, wako walioteleza kwenye kamba kutoka mti hadi mti huku wakipiga mayowe waliyoyalipia, na wako waliojifunga miavuli wakajirusha kutoka mwambani kwa hiari yao, watu wazima wenye watoto. Na wale ambao magoti yao yalikwisha kustaafu, lakini nao wanataka kuyaona maporomoko kutoka juu, waliketi kwenye machela: kiti cha mbao kilichofungwa katikati ya mipiko miwili mirefu, mwanamume mmoja mbele, mwingine nyuma, mikanda ya ngozi mabegani, na ngazi za mawe mpaka mawinguni.

Wa mbele huitwa Macho. Wa nyuma huitwa Mgongo. Macho anaiona njia. Mgongo haoni kitu isipokuwa mbao za kiti na kisogo cha mgeni. Hata miguu yake mwenyewe haioni. Kwa hiyo Macho husema: "Jiwe kushoto." "Maji." "Ngazi ndefu." Na Mgongo hujibu, "Nimepata," ndipo aweke mguu. Akiweka mguu kabla hajaambiwa neno, basi huyo ameshaanza kuanguka. Nyundo alikuwa Mgongo, na Macho wake alikuwa mume wa dada yake, yuleyule aliyekuwa ameinama mbele yake sasa ameshika uso.

Ngumi ya pili aliipeleka mdomoni makusudi, kwa sababu ya jino la dada. Ya tatu haikufika. Shemeji hakuwa mtu wa kupigwa akashukuru. Alichomoa bakora kwenye kibanda cha muuza bakora za wageni, akamchapa nayo Nyundo sikioni hadi mlima mzima ukalia kengele. Hapo ikawa patashika nguo kuchanika. Walishikana, wakaangukia kibanda, kibanda kikaanguka nao, wakabiringika kwenye samadi ya farasi wakitafutana koo. Nyundo alipata kidole cha mwenzake akakiuma. Shemeji alipata goti, akalizamisha pale ambapo mwanamume hataki goti lizamishwe. Wageni waliokuwa wakinywa chai barazani walitoa simu zao, na mmoja akapiga makofi, masikini, alidhani ni burudani ya asubuhi.

Ilibidi watu wanne wawaachanishe.

"Ataniua mtu huyu!" shemeji alifoka, damu ikimtoka mdomoni.

"Bado!" Nyundo akamjibu. "Subiri kwanza!"

Chanzo chake kilikuwa alfajiri. Nyundo alikuwa anakunywa chai pale mlango uliposukumwa, dada yake akaingia amejifunika mdomo kwa kitambaa. Alipokitoa, jino la mbele halikuwepo. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, na shavuni palikuwa na alama ndogo ya duara.

"Nimejigonga mlangoni, kaka," alisema.

"Mlango gani unaovaa pete ya ndoa?"

Dada akainamisha kichwa. Mke wa Nyundo, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, alisema kwa sauti ndogo, "Kikombe, wifi," na dada akakiondoa kikombe mezani. Ndipo ngumi ya Nyundo ikatua juu ya meza, hapo hapo kilipokuwa kikombe. Mkewe alikuwa na tabia hiyo ya kutajataja vitu, naye Nyundo alishaizoea kama saa ya ukutani, hakuisikia tena.

"Leo ama atakuacha, ama nitarudi na roho yake," aliapa.

"Kaka, usiende. Nakuomba."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nimechoka kusikia watu wakipigwa, basi."

Lakini Nyundo alikuwa keshachukua mkanda wake msumarini. Jina la Nyundo hakupewa kanisani wala msikitini. Alilipata kijiweni, kwa mikono yake mwenyewe, na alilipenda. Njia nzima alikuwa akilia, ndiyo, akilia machozi, mtu mzima, kwa sababu dada yule alimlea mgongoni baada ya mama yao kufa, na sasa hakuweza hata kutamka jina lake vizuri kwa sababu ya pengo.

Sasa msimamizi wa wabeba machela akafika, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni. Walimwita Mwenyekiti, ingawa katika viti vyote vile hakuna hata kimoja alichokibeba tangu tumbo lilipoanza kumtangulia.

"Mambo ya nyumbani mnayaleta kwenye macho ya wageni?" aliwauliza kwa kunong'ona, huku akitabasamu kuelekea barazani. "Funika kombe mwanaharamu apite. Inukeni. Jipanguseni. Bibi yule pale amengoja vya kutosha."

"Nipe Macho mwingine," Nyundo alisema.

"Nikutolee wapi? Nikuchongee? Wenzenu wote wamepanda. Na mipiko yenu imekatwa kwa mabega yenu nyinyi wawili. Mtambeba bibi, au nivue mikanda yote miwili sasa hivi mkauze bakora. Kama zimebaki bakora."

Nyundo alimtazama shemeji. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, limevimba na kung'aa. Na ngazi za kupanda zina bonde upande gani? Kushoto. Mtu mwenye akili angeuvua mkanda mwenyewe akaenda zake. Lakini Nyundo aliwaza jambo jingine. Huko juu hakuna Mwenyekiti. Huko juu kuna Shingo, pale njia inapobanwa ukingoni mwa bonde.

"Tumbebe," alisema.

Shemeji alitema damu. "Tumbebe," alisema naye.

Bibi mgeni alikuwa mnene wa haki, mcheshi, na mfuko wa peremende mapajani. Wajukuu zake walikuwa wametangulia kwa miguu. Walikuwa wamechukua vyumba kwenye nyumba ya wageni iliyoko kileleni, walale huko waamke na jua. Alijitosa kitini hadi mipiko ikalalamika.

"Wewe wa mbele," alisema walipoanza ngazi za kwanza, "jicho limefanya nini?"

"Nimejigonga mlangoni, bibi."

Bibi akacheka kiti kizima kikatikisika. "Ahaa, milango! Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na mlango wa namna hiyo. Umenigonga, umenigonga, mpaka wenzangu wakawa wananiuliza, hivi wewe huna madirisha? Siku tuliyomzika nililala usingizi hadi mchana, na mlango haukunigonga tena."

Nyuma ya mbao za kiti, Nyundo aliuona uso wa dada yake vizuri kabisa, na mipiko ikaongezeka uzito.

"Jiwe kulia," alisema shemeji.

"Nimepata."

"Ngazi fupi. Mbili."

"Nimepata."

Sauti zao zilikuwa kavu, lakini kazi ni kazi, na miguu ilikwenda. Huu ndio uchungu wa kazi ile: huwezi kumnunia mwenzako. Ugomvi mwingine mtu hutoka nje, akafunga mlango, akakaa na hasira zake. Hapa Nyundo alilazimika kumsikiliza mtu aliyetaka kumtoa roho, alisikilize kila neno lake kwa makini, na kulijibu.

Wakafika Shingo. Mlima unabana pale: kulia ukuta wa mwamba, kushoto hakuna kitu, hewa tupu na mlio wa maporomoko chini kabisa. Njia yenyewe ni ya upana wa machela na mabega. Bibi aliukumbatia mfuko wake wa peremende.

"Mwamba kulia, jisogeze," alisema shemeji.

"Nimepata."

"Maji."

"Nimepata."

"Ngazi ndefu."

"Nimepata."

Kisha kimya. Nyundo alingoja neno. Mipiko ilimvuta mbele, mguu ukaenda wenyewe, na chini yake palipotakiwa kuwa na ukingo wa jiwe hapakuwa na kitu. Ukingo ulikuwa umemegeka. Mguu wa kushoto ulizama hewani hadi pajani, goti la kulia likapiga mwamba, mpiko ukamchapa taya akasikia meno yakigongana. Machela yakalala upande wa bonde. Bibi alipiga ukelele mmoja mkali, na mfuko wa peremende ukaruka, zikatawanyika zote kwenye hewa zikishuka nyekundu, kijani, njano, wala hazikusikika zilipotua.

Mbele, shemeji alijitia mwambani kwa bega, akashikilia. Lazima tuseme ukweli, alishikilia. Nyundo alijivuta juu kwa kucha, goti likiwa limechanika, suruali imejaa damu.

"Hukusema!" alifoka.

"Sikuona!"

"Hukuona, au hukusema?"

Shemeji alijiweka sawa mkanda begani.

"Nyinyi!" bibi alisema, huku anahema. "Mnanibeba au mnanizika? Twendeni, jamani, twendeni, mtauana tukishafika."

Kileleni wajukuu walimpokea bibi kwa vigelegele, wakamkalisha kwenye jukwaa la kutazamia. Maporomoko yalinguruma mbele yake na manyunyu yakamlowesha nywele, akafunga macho akapiga kelele ya furaha kama msichana. Alisahau palepale kwamba karibu afe. Wageni ndivyo walivyo, na ndiyo maana wanalipa.

Wabeba machela walienda nyuma ya jiko la nyumba ya wageni, mahali wanapopewa chai. Nyundo hakuigusa chai yake.

"Nijibu sasa. Hukuona, au hukusema?"

"Jicho umelifumba wewe," alisema shemeji. "Shika jibu lolote litakalokupa usingizi."

"Dada yangu harudi kwako."

"Dada yako ni mke wangu."

"Ungejua ni mke usingemng'oa jino!"

Shemeji alicheka kwa midomo iliyopasuka. Ilimuuma, lakini alicheka. "Na ruhusa nilipewa na nani? Siku ninamchukua, wewe mwenyewe ulinishika bega pale mlangoni, watu wote wanasikia. 'Shemeji, huyu ana kichwa kigumu. Akikusumbua mnyooshe, usije kunililia.' Hukusema?"

Nyundo alikumbuka. Alikumbuka hata watu walivyocheka, na dada naye akacheka akiwa na maua kichwani.

"Ulikuwa utani," alisema.

"Basi na mimi namtania."

Nyundo alimrukia. Alimshika koo akamgandamiza kwenye rundo la kuni, na vidole vilikuwa vimeanza kukutana pale mpishi alipotoka na mwiko wa moto akawachapa wote wawili bila kuuliza nani ana haki. "Tokeni hapa! Kama mbwa! Wageni wanakula!"

Shemeji alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Jicho moja zima lilimtazama Nyundo, jekundu.

"Nyani haoni kundule," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kamuulize mkeo kama yeye hugonga milango."

"Mke wangu usimtaje."

"Simtaji. Nani amemtaja?"

Wakabeba machela matupu wakaanza kushuka.

Mtu ambaye hajawahi kubeba atadhani kiti kitupu ni raha. Ni chepesi, ndiyo, lakini mipiko ni mirefu ile ile, ngazi ni zile zile, na mbao za kiti bado zinamziba Mgongo asione miguu. Tena kushuka kuna siri yake. Wakati wa kupanda, Mgongo yuko mikononi mwa Macho; neno moja likikosekana amekwenda. Wakati wa kushuka, Macho ndiye yuko chini na mzigo uko kisogoni mwake, na aliyeushika kutoka juu ni Mgongo. Ukungu ulikuwa umepanda. Hapakuwa na mgeni njiani, wala sauti isipokuwa maji.

Nyundo aliufungua mkanda wake. Ilikuwa marufuku, hata mtoto mchanga wa kijiweni alijua: mkanda haufunguliwi ngazini. Aliufungua taratibu, akauacha uning'inie, akaishika mipiko kwa mikono mitupu. Moyo wake haukwenda mbio. Hicho ndicho kilichomshangaza, jinsi ulivyotulia.

"Mwamba kushoto," alisema shemeji mbele.

"Nimepata."

"Shingo hii. Taratibu. Pale pabovu panakuja kulia kwako. Ruka ngazi moja."

Akasema. Safari hii akasema. Na Nyundo alilisikia neno, akaliruka pengo salama, akaweka miguu yote miwili mahali pazuri, kisha akaivuta mipiko kifuani na kuisukuma mbele kwa nguvu zote alizopewa na mama yake.

Shemeji hakupiga kelele. Alitoka njiani mzimamzima. Lakini yeye mkanda wake hakuufungua, alikuwa mtu wa kufuata kazi, na mkanda ukamnasa kwenye mipiko. Kiti kikapinduka, miguu ya kiti ikakwama kati ya mwamba na jiwe la ukingo. Ncha za mbele za mipiko ziliinama bondeni na shemeji akawa ananing'inia hapo kwa bega moja, miguu ikipiga hewa. Ncha za nyuma zilipanda juu mbele ya uso wa Nyundo zikitetemeka.

Mguu mmoja wa kiti ulilia. Ulikuwa unapasuka.

Hakuhitaji kufanya lolote. Hapo ndipo penye utamu wenyewe: alihitaji kusimama tu. Mguu ule ukivunjika, kwisha habari. Ukungu, ukingo mbovu, jicho moja. Hata Mwenyekiti angelia. Na dada angelala mpaka mchana kama yule bibi. Nyundo alisimama, mikono imemning'inia, akangoja kusikia mtu akiomba. Alitaka sana aombwe. Alitaka asikie "nisamehe" na "naapa," ili ayakatae.

"Jiwe kulia!" sauti ilitoka chini ya ukungu.

"Nimepata," ulisema mdomo wa Nyundo.

"Mguu wa kulia, lipo jiwe, chini kidogo! Kidogo tena! Hapo!"

"Nimepata!"

Mguu ulikuwa umeshakwenda. Unyayo ulilipata jiwe mahali hasa ulipoambiwa, na mwili, ambao kwa miaka yote ile haukuwahi kuuliza sababu, ulijirusha juu ya mipiko ukaikandamiza kwa kifua.

"Shuka nayo! Uzito wote! Sasa vuta kushoto, ukuta uko ubavuni kwako!"

"Nimepata, nimepata!"

Alivuta. Alivuta akitukana, akimtukana shemeji na ukoo wake na siku aliyozaliwa, goti bovu likimwaga damu upya, hadi mkono mmoja ulipotokea kwenye ukingo, kisha kichwa chenye jicho moja. Alimkamata kwenye kola akamburuta njiani. Bega la kulia la shemeji lilikuwa limetoka mahali pake, na mkono ule umelala ubavuni kama haukuwa wake.

Walilala mwambani wote wawili.

"Umenisukuma," alisema shemeji.

"Nimekusukuma."

Shemeji aliutazama ukungu. "Ile ngazi ya wakati wa kupanda," alisema, "niliiona."

Nyundo alikuwa anaitafuta hasira yake, na ilikuwepo, haikuwa imekwenda popote, ila alichoka sana kuinyanyua.

"Mwambie asirudi," shemeji alisema.

"Nini?"

"Dada yako. Mwambie asirudi. Usidhani umenitisha, si kwa ajili yako." Alijaribu kuuinua mkono uliotoka, akashindwa, akaanza kulia waziwazi, kamasi na damu pamoja. "Mkono huu utapona. Wiki mbili, tatu, utapona. Na mimi ninajijua. Asirudi."

Walishuka na machela yaliyovunjika mguu, shemeji akibeba kwa bega lililo zima, na njia yote, huku analia, aliendelea kusema jiwe, maji, ngazi fupi. Kijiweni Mwenyekiti aliuliza kumetokea nini tena. Wakasema wameteleza.

Nyundo alikwenda nyumbani haraka. Goti lilimuuma lakini alikuwa karibu akimbie, kwa maana alikuwa na habari njema na hakuwa mtu wa kuwa nazo mara kwa mara. Dada yake amepona. Hakuna tena kurudi kule, hakuna tena mlango. Alijiona akiingia, akisema neno moja, nao wanawake wakishika vichwa kwa furaha. Alipita vibanda vya kofia, akapita zizi la farasi, akakata kona ya mtaa wao. Manyunyu yalikuwa yameanza, na nyumba yake ya mbao ilikuwa imefunga dirisha, limebaki wazi kiasi cha upana wa jicho.

"Ametokea kwenye kona," ilisema sauti ya mkewe ndani.

"Nimepata," akajibu dada yake.

Nyundo aliendelea kutembea hatua mbili tatu zaidi.

"Anakuja haraka. Kofia hana."

"Nimepata."

"Ana damu. Goti. Na mdomo. Ondoa kiti pale mlangoni, wifi, hapendi kukikuta njiani."

Alisikia kiti kikiburutwa. Sauti ya mkewe haikuwa na woga wala kilio. Ilikuwa kavu, ya chini, ya haraka, neno moja kwa kila kitu. Alikuwa ameisikia sauti ile siku nzima. Alikuwa ameisikia maisha yake yote ya kazi.

Aliinua mkono ili awaite, awaambie kwamba mambo yamekwisha.

"Mkono!" alisema mkewe. "Ameinua mkono!"

Ndani kitu kilianguka, na miguu mitupu ikakimbilia upande wa nyuma wa nyumba. Nyundo aliutazama mkono wake pale juu ulipokuwa. Kwenye kifundo cha kidole kimoja palikuwa na alama ya meno, ya ile ngumi ya mdomoni. Akaushusha, polepole, asijue auweke wapi.

"Ameushusha."

Alisimama mbele ya ngazi zake mwenyewe. Zilikuwa tatu, za mbao, hazina bonde upande wowote. Alitaka kusema jina la mkewe, akaogopa namna litakavyotoka. Mwishowe aligeuka akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, akaipa nyumba mgongo, akaiweka mikono yake juu ya magoti, imefunguka, mahali inapoweza kuonekana kutoka dirishani.

Mvua ikamnyeshea.

"Amekaa," alisema mkewe.

Ilipita dakika nzima. Nyuma yake mbao za sakafu zililia kidogo, zikatulia.

"Amefanya nini sasa?" dada aliuliza kutoka mbali.

"Hajafanya kitu. Bado amekaa."